Umetoka intavyu ya unesi Kajiado na simu iko kimya: utajuaje ilienda aje?

Barabara ya kutoka Kajiado mjini hadi Kitengela haifiki hata kilomita 60, lakini ukitoka mahojiano ya kazi inakuwa ndefu kuliko ya Mombasa. Unakaa dirishani. Malori ya Namanga yanakupita. Kabla matatu haijafika Isinya ushajiuliza maswali mengi kuliko uliyoulizwa na paneli. Mbona yule mama wa katikati hakutabasamu? Mbona walinitoa haraka? "Tutakupigia" ilimaanisha nini hasa?

Dadangu alifika nyumbani Kitengela siku hiyo saa nane mchana. Akavua viatu mlangoni, akakaa kitandani na faili ya vyeti mapajani, kama mtu ambaye bado anangoja kuitwa ndani.

"Ilienda aje?" nikamuuliza.

"Nimeanguka."

"Unajuaje?"

"Niliona kwa nyuso zao."

Sasa ni wiki ya tatu na simu haijalia. Sitamtaja mwajiri, kwa sababu jibu halijatoka na sitaki kumharibia dada. Lakini Jumatatu hii mambo yalibadilika. Kliniki moja ya kibinafsi hapa Kitengela, mahali ambapo amekuwa akifanya lokamu, ilimwita ikamwambia kuna nafasi ya kudumu. Mshahara ni Sh22,000. Wanataka jibu kufikia Ijumaa.

Umeona shida ilipo? Kama Kajiado ilienda vizuri, anaweza kungoja. Kama alianguka kweli, akikataa kliniki atabaki mikono mitupu. Uamuzi mzima umesimama juu ya swali moja: ile intavyu ilienda aje?

Na kabla ya kuendelea, nikwambie kwa nini hili swali linaniuma hata mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliyokuwepo nyumbani ilitosha mtu mmoja, na dada alikuwa amebakisha mwaka mmoja amalize diploma ya uuguzi. Hakuna aliyenilazimisha. Mimi naandika mtandaoni na kuuza vifuniko vya simu, yeye ana leseni ya Baraza la Wauguzi. Kwa hivyo nikisema hii simu tunaingoja wawili, unanielewa.

Kama nawe uko kwenye huo msoto wa kungoja, iwe ni unesi, ualimu au kazi ya kaunta, soma polepole. Wiki hii tumekaa na hili jambo usiku kucha, na kuna vitu nimejifunza.

Dalili zinazodanganya

Anza na uso. Mtu wa paneli hajakaa pale kukufurahisha. Mbele yake ana karatasi ya alama, na kila swali lina nafasi yake. Ukiona ameinamisha kichwa anaandika, usidhani amechoka na wewe. Anaweka alama. Kisha kumbuka huenda wewe ni mtu wa 18 siku hiyo, chai imepoa, na ameuliza swali lile lile mara 17. Huo uso ulikuwa umechoka kabla hujaingia.

Pili, muda. Dadangu anasema alikaa ndani dakika 15 tu, huku aliyemtangulia akikaa karibu nusu saa. Ati hiyo ni dalili mbaya. Kwani? Huenda yule wa kwanza alikuwa anazunguka sana. Huenda karatasi zake zilikuwa na kasoro. Pale ambapo maswali ni yale yale kwa kila mtu, anayejibu moja kwa moja humaliza mapema.

Tatu, "tutakupigia". Hilo neno wanaambiwa wote. Aliyepata anaambiwa, aliyekosa anaambiwa. Ni kama "tuonane" ya mtu mnayeachana naye stejini, wala haina siri ndani.

Nne, na hili linaumiza watu kinyume: "Unaweza kuanza lini?" Najua wengi ambao wakiulizwa hivyo hutoka pale wakiwa washapiga hesabu ya mshahara wa kwanza. Pole. Hilo mara nyingi ni swali la kawaida tu, liko kwenye orodha kama mengine. Usiende kuagiza sofa kwa sababu yake.

Kumbukumbu yako si shahidi mzuri

Tatizo lingine ni kwamba unayeshuhudia kuhusu hiyo intavyu ni wewe, na wewe ulikuwa na hofu.

Mwaka 1993, mwanasaikolojia Daniel Kahneman, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alifanya jaribio na wenzake. Waliwaambia watu watumbukize mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine wakafanya hivyo hivyo, lakini wakaongezwa sekunde 30 huku maji yakipashwa kidogo hadi nyuzi 15. Baadaye wakaulizwa: ukirudia, ungechagua lipi? Wengi walichagua lile refu. Waliteseka zaidi, lakini kwa vile mwisho wake ulikuwa afadhali, ndilo walilokumbuka kwa uzuri.

Maana yake kwako ni hii. Ukikumbuka intavyu, hukumbuki dakika zote 15. Unakumbuka pale ulipokwama na pale ulipotoka. Kama swali la mwisho lilikutoa jasho, intavyu nzima inaonekana mbovu. Kama walikucheka kwa uzuri ukitoka, unaona ulipita. Yale ya katikati, ambako alama nyingi zilikuwa, yamefutika.

Kuna jingine. Mwaka 2018 Erica Boothby, Gus Cooney na wenzao walichapisha utafiti kuhusu watu wanaokutana mara ya kwanza na kupiga gumzo. Waligundua kwamba baada ya mazungumzo, mtu hudhani mwenzake hakumpenda sana, ilhali mwenzake alimpenda zaidi ya alivyodhani. Gumzo si intavyu, najua. Lakini kama tunajikosea hesabu tukipiga story tu, je, mbele ya watu wanne wenye kalamu?

Mimi mwenyewe hili lilinigharimu. Miaka miwili iliyopita niliitwa mahojiano kwenye duka moja la simu. Nikatoka nikiwa na uhakika nimeboronga. Nikaona hata hakuna haja ya kuangalia barua pepe. Wiki tatu baadaye nikitafuta kitu kingine nikaikuta barua yao: njoo uanze Jumatatu. Jumatatu hiyo ilikuwa imeshapita zamani. Walionikataa hawakuwa wao. Nilijikataa mwenyewe.

Jinsi ya kujipima bila kujidanganya

Basi ufanye nini? Nilimwambia dada: acha nyuso, chukua kalamu. Andika kila swali unalokumbuka, andika ulijibu nini, halafu ujipe alama kama vile wewe ndiwe paneli. Kila swali alama tano. Kama waweza, fanya hivi siku ile ile ukiwa bado kwenye matatu, kabla kichwa hakijaanza kutunga hadithi. Sisi tulichelewa, lakini tulifanya.

Alikumbuka maswali saba.

La kwanza, jieleze. Anasema alizunguka kidogo na shule ya msingi, kitu ambacho hakuna aliyekiuliza. Alama tatu.

La pili, na hili ndilo linamkosesha usingizi: mama amejifungua sasa hivi, anavuja damu nyingi, uko zamu ya usiku. Unafanya nini? Kama hujasomea, hili ni swali zito. Kwa kawaida, damu ikifika mililita 500 au zaidi baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, hiyo inahesabiwa kuwa ni kuvuja damu kupita kiasi, na ni kati ya mambo yanayoua akina mama wengi duniani. Dada alieleza kukanda uterasi, sindano ya oksitosini, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipani, kuangalia kama kondo la nyuma limetoka lote, kama kuna mahali pamechanika. Akataja hata ile karatasi maalum yenye vipimo inayowekwa chini ya mama kupima damu. Hiyo ilitumika kwenye utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Pale damu ilipopimwa hivyo na matibabu yote kutolewa kwa pamoja bila kungoja, madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60.

Jibu zuri, sivyo? Lakini alisahau kitu kimoja, na ndicho cha kwanza kabisa kinachofundishwa: kuita usaidizi. Unapaza sauti wenzako waje, kwa sababu mikono miwili haitoshi. Alirukia kazi moja kwa moja kana kwamba yuko peke yake duniani.

Nilicheka kidogo, akanikazia macho. Lakini manze, mtu akimjua dadangu hashangai. Huyu ni mtu wa kubeba mtungi wa gesi hadi orofa ya nne wakati mimi niko ndani nimelala. Alijipa alama mbili. Nikampigia rafiki yake waliyesoma naye, muuguzi mwenye miaka minne kazini, nikamsomea jibu. Akasema, "Hilo ni tatu. Kasahau la kwanza lakini mengine yote yapo." Tukaandika tatu.

La tatu: umempa mgonjwa dawa isiyo yake, hakuna aliyeona. Dada alisema angemwangalia mgonjwa kwanza, angemwita daktari, angemwambia msimamizi wa zamu, angeandika kwenye faili na kujaza fomu ya tukio. Hakuficha. Hapo alijipa tano, na yule rafiki akakubali. Alisema swali hilo si la dawa hasa. Wanataka kujua kama wewe ni mtu wa kuficha.

La nne: mko wauguzi wawili, wodi ina wagonjwa 30, utagawaje kazi? Tatu. La tano: taja nyakati tano za kunawa mikono zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Alitaja nne, akasahau ile ya baada ya kugusa vitu vilivyo karibu na mgonjwa. Nne. La sita: kwa nini Kajiado? Alisema anaishi kaunti hii, na kwenye lokamu amejifunza Kimaasai cha kutosha kumuuliza mama anaumwa wapi. Mmoja wa paneli akamjibu kwa Kimaasai, naye akajibu alichoweza. Nne. La mwisho: una swali lolote kwetu? Akasema hana. Mbili, tena kwa huruma.

Jumlisha: 24 kwa 35. Karibu asilimia 69.

Tuliangalia ile karatasi kimya. Mtu aliyeniambia "nimeanguka" alikuwa na karibu asilimia 69 mkononi mwake. Sio ya kupiga vigelegele, lakini si kuanguka. Alikuwa amebeba lile jibu moja la kuita usaidizi akalifanya intavyu nzima.

Jaribu hili wewe pia. Na usijipimie peke yako. Tafuta mtu wa fani yako ambaye hana haja ya kukufurahisha wala kukukatisha tamaa.

Kuna dalili zenye uzito kidogo pia. Kama waliowapendekeza kwenye wasifu wako wamepigiwa simu baada ya intavyu, hiyo ina maana faili yako bado iko mezani. Kama umeombwa vyeti halisi vikaguliwe upya, au leseni yako imethibitishwa, vivyo hivyo. Si ahadi, lakini ni kitu kilichotendeka, tofauti na uso. Wa dada hawajapigiwa bado, tuliuliza. Tukaiandika hiyo nayo chini ya karatasi.

Yale ambayo hayako mikononi mwako

Hata ukipata 35 kwa 35, kuna hesabu nyingine ambayo hukuonyeshwa.

Tangu Katiba ya 2010, huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti, na kazi za umma huko zinapitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Kanuni za fedha za kaunti zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kwa hivyo wodi inaweza kuwa inalia wauguzi, paneli ikawapenda watu, na bado majina yakakaa kwenye faili kwa sababu pesa za mishahara hazijapatikana. Kimya cha aina hiyo hakisemi lolote kuhusu majibu yako. Ndio hali ya sekta. Wauguzi waligoma mwaka 2017 kwa takriban miezi mitano. Wahudumu wa afya zaidi ya 8,000 walioajiriwa kwa kandarasi mwaka 2020 chini ya mpango wa Afya kwa Wote waliingia barabarani miaka iliyofuata wakidai kazi ya kudumu. Ukikosa simu, hauko peke yako, na si lazima kosa liwe lako.

Halafu kuna maneno ya mtaa. Wiki ya kwanza tu, jirani mmoja alimwambia dada, "Na hilo jina lako, Kajiado utapata kweli?" Unajua Kitengela ilivyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 154,000 hapa, na wametoka kila pembe ya Kenya. Kwa hivyo hili swali linazunguka sana, na linavunja watu moyo kabla hata hawajatuma maombi. Sheria inasemaje? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka jamii yenye watu wengi katika kaunti husika. Katiba nayo, kifungu cha 232, inataka ushindani wa haki na sifa za mtu. Sikuambii kila mahali sheria inafuatwa. Nakuambia usijitoe mwenyewe kwa maneno ya stejini.

Na haki nyingine: kama uliomba kazi kwenye ofisi ya umma na muda umepita sana, unaweza kuandika barua kuuliza matokeo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inazipa ofisi za umma siku 21 kujibu ombi la habari. Kama hukuridhika na uamuzi wa bodi ya kaunti, unaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90. Mwajiri wa kibinafsi hana deni hilo kwako, huyo unamuuliza tu kwa adabu.

Ijumaa ikifika

Turudi kwa ile kliniki. Dada alikuwa anaiona kama mlango wa jela: akiingia, Kajiado imefungwa. Nikamwambia tusome sheria kwanza. Mimi niliacha chuo lakini sikuacha kusoma.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, ila mkikubaliana kukiongeza. Na ndani ya kipindi hicho, kuondoka kunahitaji notisi ya siku saba, au malipo ya siku hizo. Ukishathibitishwa na unalipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, isipokuwa mkataba useme ndefu zaidi. Yaani Kajiado wakipiga mwezi ujao, hatoroki usiku kama mwizi wa kuku. Anaandika barua, anakabidhi wagonjwa wake vizuri, anaenda.

Lakini kuna masharti tuliyoandika, na wewe yaandike pia:

Soma mkataba wote kabla ya saini. Tafuta neno "fidia" na neno "notisi". Ukiambiwa utalipa pesa ukiondoka mapema, uliza ni kiasi gani na kwa nini.

Usimwachie mwajiri vyeti halisi. Mpe nakala, vya asili aviangalie akurudishie.

Usidanganye. Ukiulizwa kama umeomba kazi kwingine, sema ndiyo. Kwenye unesi, mtu anayeficha mambo madogo anaogopewa, na ni sawa.

Piga hesabu ya kweli. Nyumba yetu ni Sh7,500. Maji ya punda tunanunua. Lokamu inakuja wiki hii, wiki ijayo hakuna. Sh22,000 si ndoto ya mtu aliyesoma miaka mitatu na kitu, lakini inatoka kila mwezi. Na mikono inabaki kazini. Muuguzi anayekaa nyumbani mwaka mzima, hata leseni inapohuishwa anahitaji pointi za mafunzo endelevu, na intavyu ijayo ataulizwa: umekuwa wapi?

Usimtumie mtu yeyote pesa "ya kusukuma faili". Dada alipigiwa simu ya namna hiyo wiki iliyopita, mtu mwenye sauti nzuri kabisa, akijua hata siku ya intavyu. Sh5,000 tu, akasema, jina liingie kwenye orodha. Kama kazi ni yako, haiuzwi. Kama inauzwa, si yako. Alikata simu, halafu mikono ikamtetemeka kwa nusu saa, kwa sababu kuna sehemu yake ilitaka kutuma. Nakwambia ukweli huu kwa sababu huenda nawe umeshika simu hivi sasa, Fuliza iko wazi, unafikiria. Usitume.

Kwa hivyo, ilienda aje?

Hilo ndilo uliingia hapa kutafuta. Jibu la ukweli: ilienda asilimia 69, kwa makadirio yetu, na mengine yako kwenye bajeti na kwenye karatasi za watu ambao hatukuwaona. Hiyo inatosha kuacha kusema "nimeanguka". Haitoshi kukataa kazi iliyo mkononi.

Acha simu ikiwa imewashwa, angalia barua pepe hadi kwenye taka, usibadilishe laini. Tarehe waliyokupa ikipita, tuma ujumbe mmoja mfupi wa heshima, wala usiwapigie kila asubuhi. Halafu endelea kuomba kwingine kana kwamba Kajiado haipo.

Alhamisi usiku dada aliupiga pasi mkoba mzima wa sare, tatu zote, ingawa anahitaji moja tu. Ile karatasi ya maswali saba ameibandika ukutani karibu na kioo. Juu ya swali la pili ameandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: ITA USAIDIZI KWANZA.

Ijumaa alienda kusaini. Nilikuwa bado kitandani simu yangu ilipolia. Ni yeye, yuko nje ya kliniki, ana mkataba mkononi, kuna ukurasa wa pili haelewi sawasawa.

"Unaweza kuja tuusome pamoja?" akaniuliza.

Miaka yote hiyo, sikumbuki akiniomba kitu. Nilivaa viatu bila soksi nikatoka. Boda ya kwanza iliyopita niliishika.

Kajiado bado hawajapiga. Simu iko wazi.